Kiwanja Kimoja, Kanda Tatu: Dodoma, Mwanza au Ukingo wa Dar es Salaam?

Ukiwa na hela ya kiwanja kimoja tu, washauri hawakosekani. Aliyehamia Dodoma na wizara yake atakuambia ununue huko sasa hivi, kabla hapajashikika. Mwenye duka Mwanza atakuambia daraja limefunguliwa na Kanda ya Ziwa ndiyo inakuja juu. Dalali wa Kibaha naye anakutumia picha za viwanja kila asubuhi, vyote viko "dakika tano kutoka lami". Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, na hapo ndipo mtu anaposhindwa kuamua.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya huyo mwenye akiba ya kiwanja kimoja, atakayejenga kidogo kidogo kwa mshahara au biashara, akitaka kuishi mwenyewe, kupangisha, au vyote viwili. Arusha, Mbeya na Geita zinakua pia na kila moja inastahili makala yake. Nimezichukua hizi tatu kwa sababu zinakua kwa njia zisizofanana kabisa, na tofauti hizo zinagusa mfuko wako moja kwa moja.

Tupime kwa vigezo gani

Swali la kwanza ni watu wanaokuja wanafuata nini: kazi ya serikali, kiwanda, soko, au ardhi ya bei nafuu? La pili, ambalo wengi hawajiulizi hadi nyumba imeezekwa, ni nani hasa atakayekuwa mpangaji wako na anapata wapi hela ya kodi. La tatu ni ardhi yenyewe: imepimwa, ina hati, ina mgogoro? La nne ni gharama ya kujenga pamoja na maji, kwa maana nyumba isiyo na maji haipangishiki. La mwisho ni usafiri. Sikuweka bei za viwanja, kwa sababu bei ya mtaa mmoja hutofautiana na ya mtaa wa pili, na hubadilika kabla mwaka haujaisha.

Kabla ya yote, tazama sensa. Kati ya 2012 na 2022 idadi ya Watanzania ilipanda kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkoa wa Dar es Salaam, ambao wengi tunaamini ndio unaofurika kuliko yote, ulikua kwa takriban asilimia 2.1 tu. Mwanza ilikua kwa asilimia 2.9 hivi. Dodoma ilikaribia asilimia 4. Na Pwani, mkoa ambao watu wanauona kwenye dirisha la basi tu wakielekea bara, ulivuka asilimia 6. Takwimu hizo hazisemi kwamba Dar imekwisha. Zinaonyesha kwamba watu wa Dar wanalala kwingine.

Ukingo wa Dar na mkoa wa Pwani

*Watu na kazi.* Dar es Salaam bado inashika karibu moja ya sita ya pato la taifa, na hakuna mkoa mwingine unaoikaribia. Mzigo wa Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi unapita bandarini, na Kariakoo inalisha maduka ya nchi nzima. Ila anayepata kazi mjini leo hana tena uwezo wa kufikiria kujenga Sinza au Mikocheni. Anakwenda Goba, Mbezi, Chanika, Mbagala, kisha anavuka mpaka wa mkoa bila hata kuhisi: Kibaha, Mlandizi, Vikindu, Mkuranga. Ndiyo maana Pwani ilitoka watu 1,098,668 mwaka 2012 hadi 2,024,947 mwaka 2022. Viwanda navyo vilifuata ardhi: vigae Mkuranga na Chalinze, nondo Kibaha na Mlandizi, na sasa bandari kavu ya Kwala. Kwa hiyo ukingo huu una watu wa aina mbili, wanaofanya kazi mjini na kurudi kulala, na wanaofanya kazi hapo hapo.

*Mpangaji.* Hapa ndipo ukingo wa Dar unapozishinda kanda nyingine. Mpangaji anaweza kuwa mfanyakazi wa kiwanda anayetaka chumba kimoja, mwalimu, fundi, muuza duka, au familia iliyochoka na kodi ya Tabata. Biashara moja ikiyumba, wapo wanaokula kutoka kwingine. Tatizo ni kwamba jirani yako naye anajenga vyumba, na wa nyuma yake pia. Kodi haipandi haraka, na mpangaji wa kiwandani mara nyingi hana uwezo wa kulipa miezi sita kwa mpigo.

*Ardhi na hati.* Hili ndilo eneo lenye hatari kubwa kuliko yote matatu, na nitakaa hapa kidogo. Viwanja vingi vya ukingoni vilikuwa mashamba ya mikorosho na minazi, vikakatwa vipande vipande, vikauzwa kwa karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba mauziano yalifanyika mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Haithibitishi kwamba aliyekuuzia ndiye mwenye ardhi, wala kwamba kipande hicho hakijauzwa kwa mwingine, wala kwamba mipango miji haikutenga pale pawe shule au barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na baadhi ya wenye nyumba walikuwa wameishi pale miaka mingi, wamesomesha watoto pale. Nenda halmashauri na namba ya kiwanja, omba upekuzi (ukaguzi wa kumbukumbu za umiliki), tazama ramani ya mipango miji kwa macho yako. Muuzaji akikuharakisha kwamba kuna mtu mwingine anakuja jioni na hela mkononi, mwache huyo mtu aje.

Jingine ni kununua kwa kufuata matangazo. Mji mpya wa Kigamboni ulitangazwa mwaka 2008, wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, na mji wenyewe haukujengwa. Bandari ya Bagamoyo ilisainiwa mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa 2015, kisha mradi ukasimama. Waliokopa kununua ekari kwa sababu ya matangazo hayo walilipa riba huku majani yakiota. Nunua penye nguzo ya umeme na bomba unaloweza kuligusa. Mradi ukija baadaye, itakuwa nyongeza.

*Ujenzi na maji.* Simenti ni ya Wazo Hill, haisafiri mbali. Mafundi wamejaa, na ushindani wao unashusha bei. Maji yanategemea sana Mto Ruvu, na ukame wa 2022 uliliingiza jiji zima kwenye mgawo. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, ambayo baada ya miaka michache utaiona inamenya plasta ukutani. Epuka mabonde. Kiwanja cha bondeni hukaguliwa masika, si Septemba.

*Usafiri.* Mwendokasi ilianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka huo huo, na Barabara ya Morogoro imepanuliwa hadi Kibaha. Hata hivyo, mtu wa Chanika mwenye kazi Posta anatoka kwake saa kumi na nusu alfajiri. Gharama hiyo haiandikwi popote kwenye mkataba wa kiwanja, lakini utailipa kila siku.

*Panamfaa nani.* Anayefanya kazi Dar na anataka kuachana na kodi, na anayetaka vyumba vya kupangisha kwa watu wa kipato cha kawaida. Hapamfai asiye na subira ya kufuatilia karatasi.

Dodoma

*Watu na kazi.* TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na uamuzi huo ukakaa zaidi ya miaka arobaini bila kutekelezwa kikamilifu, hadi Rais John Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahama. Safari hii ilihama kweli. Waziri Mkuu alihamia mwaka huo huo, wizara zikafuata, Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Ikulu mpya ya Chamwino. Halmashauri ya Jiji ilitoka watu 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Hapo ongeza Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, na ujenzi wenyewe, unaoajiri vijana wengi wa mikoa ya jirani.

Udhaifu wake ni kwamba hela nyingi ya mji huu inatoka kwa mwajiri mmoja. Zabibu na alizeti zipo, biashara ipo, lakini mshahara wa serikali ndio unaozunguka.

*Mpangaji.* Watu wengi wamekosea hapa. Waliposikia serikali inahamia Dodoma walijenga nyumba za vyumba vinne na uzio, wakimtarajia mkurugenzi na familia yake. Aliyekuja ni mtumishi peke yake. Mke au mume yuko Dar na kazi yake, watoto wako shule huko huko. Ingia chumbani kwake: kitanda, mtungi mdogo wa gesi, pasi, mashati matano kwenye kamba, na begi ambalo halijawahi kufunguliwa lote. Mtu huyu anataka chumba na sebule chenye choo ndani, maji ya uhakika, na daladala ya kwenda Mtumba, uliko Mji wa Serikali, karibu. Anacholipa ni kizuri na hakichelewi, kwa sababu mshahara wake hauchelewi. Wanafunzi wanataka hivyo hivyo, kwa bei ya chini. Na Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, linajaza vyumba vya muda mfupi, kisha vinatulia. Ukijenga Dodoma kwa kupangisha, ushauri wangu ni nyumba ndogo ndogo kwenye kiwanja kimoja kuliko jumba moja.

*Ardhi na hati.* Kwa upimaji, Dodoma iko mbele ya miji yetu mingi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipima na kupanga mji tangu miaka ya sabini, ilipovunjwa Mei 2017 kazi ikaenda halmashauri, na umiliki wa miaka 33 ukaelekezwa ubadilishwe uwe wa miaka 99. Iyumbu, Ilazo, Njedengwa, Nala, Mtumba: utakuta mitaa iliyonyooka na bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zinaonekana. Lakini urithi wa CDA una madeni yake, nayo ni viwanja vilivyogawiwa kwa watu wawili na wenyeji wanaodai fidia ya mashamba yao. Upekuzi ni lazima hata huku. Kumbuka pia kwamba hati huja na masharti ya kuendeleza kiwanja ndani ya muda maalumu. Usinunue vitatu ukavilaza.

*Ujenzi na maji.* Mji huu ni mkavu. Mvua ni milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Visima vya Mzakwe vimeubeba mji kwa miaka mingi na sasa vimezidiwa na watu, ndiyo maana mipango ya kuleta maji kutoka mbali inazungumzwa. Katika bajeti yako weka tanki kubwa kabla ya vigae vya sebuleni, na ujue bei ya boza la maji katika mtaa huo. Udongo nao una mambo yake. Sehemu nyingine unavimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta unafuata. Mwulize fundi wa pale pale, umtazame jirani aliyejenga miaka mitano iliyopita, halafu ndipo uamue nondo za msingi.

*Usafiri.* Treni ya reli ya kisasa, SGR, kutoka Dar ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Safari iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi sasa ni saa nne hivi au pungufu. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112 na uwanja wa ndege wa Msalato vinaongeza uzito. Wengi wanasema treni itapandisha ardhi ya Dodoma. Mimi naona inavuta pande zote mbili, kwa sababu inamrahisishia mtumishi kuacha familia Dar na kurudi kila Ijumaa. Inakuza mahitaji ya chumba, si lazima ya nyumba.

*Panamfaa nani.* Mtumishi anayejua atakaa, mwekezaji mdogo anayetaka mpangaji mwenye mshahara, na yeyote anayethamini karatasi safi kuliko mji uliochangamka.

Mwanza

*Watu na kazi.* Mwanza ni mji wa pili kwa ukubwa nchini, na mkoa ulikuwa na watu 3,699,872 mwaka 2022. Mbona basi ulikua chini ya wastani wa taifa? Jibu liko upande wa pili wa maji. Geita ilitoka watu 1,739,530 hadi 2,977,608 katika miaka hiyo kumi, ikivutwa na dhahabu na ardhi ya kulima. Mchimbaji analala Geita, lakini anakuja Mwanza kununua vipuri, kutibiwa Bugando, kusomesha mtoto na kukutana na benki. Ukisoma sensa peke yake utaudharau mji ambao hela ya mikoa mitano inapita mikononi mwake. Samaki wapo, ingawa viwanda vya sangara hupanda na kushuka na mavuno ya ziwa.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, na foleni ya kivuko iliyokuwa inamla mtu saa mbili imegeuka safari ya dakika chache. Ardhi ya Usagara na Misungwi kwa upande huu, Busisi na Sengerema kwa upande wa pili, sasa iko kwenye njia ya malori ya Geita, Kagera na Rwanda.

*Mpangaji.* Ni mfanyabiashara. Anataka fremu ya duka kwanza, chumba baadaye. Buhongwa, Igoma na Kisesa ni mifano mizuri: fremu mbili mbele na vyumba nyuma huingiza hela kutoka milango miwili. Malimbe ina wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Kodi ya mfanyabiashara inategemea msimu, na ziwa likigoma wiki tatu utaisikia hata kwenye fremu ya nguo.

*Ardhi na hati.* Milima ya Mabatini, Igogo na Bugarika imejengwa bila kupimwa kwa miaka mingi, na urasimishaji umewapa baadhi ya wenye nyumba hati zao, lakini gari bado halifiki. Nyumba kama hiyo mjini ni nafuu na karibu na soko, ila mteja wako baadaye atakuwa mwenye uwezo mdogo. Viwanja vilivyopimwa viko pembeni: Buswelu, Kiseke, Kisesa, Usagara.

*Ujenzi na maji.* Miamba ni baraka na gharama kwa wakati mmoja. Mawe ya msingi na kokoto viko mlangoni. Lakini kuchimba shimo la choo kwenye mwamba kunaweza kula hela ya kozi kadhaa za ukuta: mafundi wanawasha moto juu ya jiwe hadi litoe ufa, kisha nyundo, kisha moto tena, siku baada ya siku. Kabla ya kulipa, chimba shimo la majaribio pale choo kitakapokaa. Simenti inasafiri kutoka mbali na bei yake inaonyesha. Maji, licha ya ziwa kuwa pale pale, yalikuwa kero kwa walio juu. Mtambo wa Butimba, wa lita milioni 48 kwa siku, umepunguza tatizo bila kulimaliza kila mtaa.

*Usafiri.* Dar iko zaidi ya kilomita 1,100, na reli mpya ya Isaka bado inajengwa. Kama wazazi wako, kazi yako na ofisi unazozihitaji ziko pwani, umbali huu utakuchosha.

*Panamfaa nani.* Mwenye biashara au anayetaka kuanza, mtu wa Kanda ya Ziwa anayerudi karibu na kwao, na anayejenga fremu. Anayetegemea kodi isiyotikisika kila mwezi apime mara mbili.

Kulingana na hali yako

Unafanya kazi Dar na huna mpango wa kuhama: jenga upande ule ule barabara yako ya kazini inapoanzia. Mtu wa Posta akijenga Mkuranga kwa sababu kiwanja ni rahisi, huku ndugu na safari zake ziko upande wa Kibaha, atakuwa mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

Umehamishiwa Dodoma na unakaribia kustaafu: jiulize utastaafia wapi. Kama ni kijijini kwenu Songea au Bukoba, vyumba viwili vya kupangisha Dodoma vinatosha, na nyumba ya kuishi ijengwe nyumbani.

Unataka kukopa benki: riba ya mikopo ya nyumba imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Kwa riba hiyo kodi ya chumba kimoja haiwezi kulipa mkopo popote kati ya maeneo haya. SACCOS ya kazini, au kujenga kwa awamu, kunachelewesha lakini hakukunyang'anyi nyumba.

Una mtaji wa biashara pamoja na hela ya kiwanja: Mwanza inakupa nafasi ya kuvitumia vyote sehemu moja. Una mshahara tu na huna muda wa kusimamia: Dodoma, kwenye eneo lililopimwa.

Bado unayumba: panga kwanza. Lipa kodi ya miezi sita Nala au Buhongwa au Mlandizi, uone maji yanatoka mara ngapi kwa wiki, uhesabu nauli, uongee na wapangaji wenzako kuhusu wanacholipa na kinachowakera. Hao ndio wateja wako wa kesho.

Uko Muscat, Doha au Minnesota na unamtumia kaka hela anunue: hati itoke kwa jina lako, na malipo yaende kwa muuzaji baada ya upekuzi kukamilika, si kabla. Kama umebadili uraia, masharti yako ya kumiliki ardhi hayafanani na ya raia, kwa hiyo mwone wakili kabla shilingi ya kwanza haijatumwa. Na mwombe kaka akupigie simu ya video akiwa amesimama kwenye bikoni, moja baada ya nyingine, zote nne.